Hirizi za Mafarisayo: Juu ya Maneno ya Kiswahili Yasimuliayo Ibada ya Wayahudi

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, aya ya 5, tafsiri ya Biblia iitwayo Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 na isomwayo hata leo katika makanisa mengi, imewavika Mafarisayo vitu viwili: hirizi na matamvua. Neno la kwanza ndilo lililotushikisha kalamu. Maana kila mtu aliyekulia pwani, au aliyekaa na watu wa pwani, ajua hirizi ni nini. Ni karatasi iliyoandikwa aya, au majina, au mraba wa tarakimu, ikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa, kisha ikafungwa mkononi, shingoni au kiunoni, ili imkinge mwenye kuivaa na husuda, maradhi, jini au adui. Huandikwa na mwalimu au mganga, naye hulipwa ujira wake. Na walimu wa dini katika shule zetu wamekwisha kuikataza mara nyingi, wengine kwa ukali sana.

Basi mwanafunzi asomapo aya ile hana budi kufikiri kwamba Mafarisayo walikuwa watu wa uganga, na kwamba Bwana Yesu aliwakemea kwa ajili ya uganga huo. Kisha siku moja aona picha ya Myahudi wa zama zetu akisali, amefunga kisanduku cheusi katika paji la uso, na ukanda wa ngozi umezungushwa mkononi. Husema, "Kumbe hata leo wavaa hirizi!" Maneno hayo tumeyasikia kwa masikio yetu, wala mwalimu aliyekuwapo hakuwa na la kujibu, kwa kuwa kitabu alichokishika mkononi kilimshuhudia mwanafunzi.

Hatuandiki ili kuwadharau wafasiri. Kazi yao ni kubwa, na katika neno hili wana utetezi ambao haki yataka tuutaje kwanza. Neno la Kiyunani lililomo katika Mathayo ni filakteria, na maana yake ni kitu cha kulinda, kinga. Neno hirizi nalo limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni hiyo hiyo ya kulinda na kuhifadhi. Mfasiri aliyeweka hirizi mahali pa filakteria aliweka kinga mahali pa kinga. Tena umbo la kitu lamsaidia: ngozi ipo, maandiko yapo ndani, nacho hufungwa mkononi. Kama kazi ya tafsiri ingekuwa kupima neno kwa neno, kama mchuuzi apimavyo mchele, tungesema mizani imekaa sawa, na shauri lingekwisha.

Lakini Wayahudi wenyewe hawakiiti kitu hiki kinga. Hukiita tefilini, na kwa desturi neno hilo huhesabiwa kuwa ndugu wa tefila, yaani sala. Kilichoitwa na Wayunani kwa jina la kinga, wenyewe hukiita kwa jina la sala; na tafsiri yetu, kwa kumfuata Myunani kwa uaminifu, imemwacha Myahudi bila jina lake.

Na tukitazame kitu chenyewe. Tefilini ni visanduku viwili vya ngozi nyeusi, kimoja cha mkono na kimoja cha kichwa. Ndani yake mna vipande vya ngozi laini vilivyoandikwa kwa mkono mafungu manne ya Torati: mawili katika Kutoka sura ya 13, na mawili katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11. Katika kisanduku cha mkono mafungu yote manne huandikwa juu ya kipande kimoja; katika kile cha kichwa kila fungu lina kipande chake na chumba chake. Cha mkono huwekwa juu ya mkono wa kushoto, mkabala wa moyo, na ukanda wake huteremshwa kwa kuzungushwa mara saba mpaka kiganjani na vidoleni. Aliye wa mashoto hufunga mkono wa kulia. Yaliyoandikwa ndani si siri, wala si majina ya majini au malaika. Ni maneno ambayo Myahudi mwenye kushika dini huyasoma kwa sauti asubuhi na jioni, nayo mtoto huyajua kabla hajajua kuandika: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba yampasa mtu kumpenda kwa moyo wote.

Tena liko jambo moja ambalo peke yake lingetosha kumaliza mashindano. Tefilini huvaliwa asubuhi za siku za kazi. Siku ya Sabato hazivaliwi, wala katika sikukuu kubwa za Torati. Sababu waliyoitoa waalimu wao ni kwamba tefilini ni dalili, na Sabato yenyewe ni dalili, na penye dalili ya siku nzima hapana haja ya dalili ya ngozi. Je, ni mganga gani wa pwani amwambiaye mteja wake avue hirizi katika siku iliyo kuu kuliko zote? Kinga haivuliwi kwa sababu ya utakatifu wa siku.

Wala Wayahudi si watu wasiojua hirizi. Walizijua, na wako waliozivaa, na katika Kiebrania zina jina lake, kamea. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya waalimu uliotengenezwa mnamo mwaka 200, katika kitabu chake cha Sabato huvitaja vitu hivi viwili katika kanuni moja ya mambo ambayo mtu asitoke nayo nje siku hiyo: tefilini kwa jina lake, na kamea kwa jina lake. Waliovijua vyote viwili waliona haja ya maneno mawili. Tena Musa bin Maimuni, mwalimu mkuu aliyefariki Misri mwaka 1204, aliwakemea kwa maneno makali wale walioandika majina ya malaika ndani ya mezuza, ile ngozi yenye maneno ya Torati iwekwayo katika mwimo wa mlango, akasema kwamba wameigeuza amri ya Mungu kuwa hirizi ya kujipatia faida ya nafsi zao. Mwalimu wetu wa dini akisoma maneno hayo angeona kwamba vita avipiganavyo yeye katika kijiji chake, Myahudi huyu alivipigana zaidi ya miaka 800 iliyopita. Lakini kitabu chetu kimemweka upande wa adui.

Aya ya Mathayo haikuwakemea watu kwa kuvaa. Iliwakemea kwa kupanua na kurefusha, ili watazamwe. Kosa ni lile la mtu avaaye msalaba mkubwa kupita wa jirani yake. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zilionekana tefilini za zama zile za Injili, nazo nyingine ni ndogo sana, hata mtu angeweza kuzivaa bila ya mwingine kuziona kwa mbali. Hapana shaka msikilizaji wa kwanza wa maneno hayo alijua tofauti iliyopo kati ya hizo ndogo na zile zilizopanuliwa. Msikilizaji wa Kiswahili hana njia ya kuijua, maana kwake hirizi ndogo ni mbaya sawasawa na kubwa.

Jambo linazidi kuwa gumu tukiirudia Torati yenyewe. Katika Kumbukumbu la Torati 6:8, mahali amri hii ilipotoka, tafsiri ile ile haisemi hirizi, husema utepe. Basi msomaji akutana na utepe katika Agano la Kale, akaona ni amri ya Mungu, na hirizi katika Agano Jipya, akaona ni upotevu wa Mafarisayo, wala hapana kitu cha kumwonyesha kwamba upotevu huo na amri hiyo ni kitu kimoja. Biblia Habari Njema iliuona ubaya wa hirizi, ikaliacha neno hilo, ikaeleza kwa maneno marefu kidogo kwamba ni tepe zenye maandishi. Ni afadhali, twakiri. Lakini utepe kwa Mswahili ni kitu cha fundi cherehani, au cha bega la askari. Hirizi imeondoka, na sala haijaingia.

Yahusuyo hirizi yahusu matamvua pia, na hapa hasara yetu ni kubwa zaidi. Hesabu 15:38 iliwaamuru wana wa Israeli watie nyuzi katika ncha za nguo zao, ili wazitazame na kuzikumbuka amri. Na nyuzi hizo, kwa Kiebrania sisiti, Wayahudi wazivaa hata leo, wengine katika shuka ya sala tu, wengine mchana kutwa chini ya shati. Kiyunani kina neno moja la kitu hiki, kraspedon, nalo ndilo lililotumiwa katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Hesabu na katika Mathayo pia. Tafsiri yetu ina maneno matatu. Katika Hesabu ni vishada. Kwa Mafarisayo ni matamvua. Na katika Mathayo 9:20, yule mwanamke mwenye kutoka damu alipokuja nyuma ya Yesu, aligusa pindo la vazi lake.

Pindo! Kila nguo ina pindo. Hata kanzu ya mlevi ina pindo. Alichokigusa mwanamke yule, kwa neno la Kiyunani, ni kile kile kilichoamriwa katika Hesabu, na kile kile ambacho Mafarisayo walikirefusha. Yesu alikivaa. Alivaa kama Myahudi yeyote wa Galilaya mwenye kushika Torati, na ugonjwa ukaponywa kwa kukigusa. Mwalimu awezaye kuweka aya hizi tatu pamoja ubaoni, akaandika neno moja juu ya zote, hatahitaji kueleza sana Uyahudi wa Yesu. Lakini kwa maneno matatu mbalimbali, vishada vimekuwa vya wazee wa jangwani, matamvua ya wanafiki, na pindo la Mwokozi. Hatudhani kwamba mfasiri alikusudia hayo. Alitafuta neno zuri kwa kila mahali, akalipata, na uzuri huo ndio ulioleta hasara.

Yafaa hapa tuseme kidogo juu ya lugha za Wayahudi wenyewe, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili ana njia ya kuzielewa ambayo wengine wengi hawana. Kwa karne nyingi Wayahudi hawakusema Kiebrania nyumbani. Walisema lugha za nchi walimokaa, wakaziandika kwa herufi za Kiebrania, na kutia ndani yake maneno ya Kiebrania katika mambo ya dini. Musa bin Maimuni alikiandika kitabu chake kikubwa cha falsafa kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walikwenda na Kihispania chao mpaka nchi za Waturuki. Na Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walisema Kiyidishi, ambacho mwili wake ni wa Kijerumani na dini yake ni ya Kiebrania. Mtu anayejua jinsi Kiswahili, chenye mwili wa Kibantu, kilivyoandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na jinsi kilivyopokea dua, ibada, toba na sadaka kutoka kwa Kiarabu, hatashangaa. Hata katika jambo dogo la vitabu zafanana. Katika Kiyidishi kitabu cha mambo ya dunia ni bukh, neno la Kijerumani. Kitabu cha dini ni seyfer, neno la Kiebrania, wala mtu hachanganyi. Mswahili naye ana kitabu, na ana msahafu. (Zamani alikuwa na chuo pia, na katika Luka 4:17 Yesu angali anapewa chuo cha nabii Isaya, jambo ambalo vijana wa leo hulisoma kwa kucheka, kana kwamba alikabidhiwa jengo lenye madarasa.) Wengi wa Wayahudi wapatao milioni 6 waliouawa na Wajerumani wa Hitler na wasaidizi wao katika vita ile iliyokwisha mwaka 1945 walikuwa wasemaji wa Kiyidishi, na tangu hapo lugha hiyo haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo.

Twayataja haya kwa sababu yaonyesha kanuni. Watu wanaohama kutoka lugha hata lugha huacha maneno ya sokoni na jikoni, lakini majina ya vyombo vya ibada huyachukua. Sabato ilipita katika lugha zao zote, ikabadilisha sauti tu. Kiswahili cha makanisa kimefuata kanuni hiyo katika sabato, pasaka na sinagogi, na hakuna mtoto wa shule aliyedhurika kwa maneno hayo. Kwa nini basi tefilini na sisiti zilinyimwa mlango? Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitolewa mwaka 1937, alitaka kupunguza maneno ya Kiarabu na kuyatafuta ya Kibantu badala yake. Juu ya shauri lake watu wamebishana sana, nasi hatutaki kulifufua hapa. Twasema tu kwamba katika vyombo vya ibada ya watu wengine, neno la Kibantu laweza kudanganya sawasawa na la Kiarabu, kwa kuwa kila moja limekwisha kuwa na mwenye nyumba wake.

Na tuje kwenye Sabato, ambako neno lenyewe ni jema lakini yaliyolizunguka yana matata. Mwalimu hufundisha kwamba Sabato ni siku ya saba, nayo ni Jumamosi. Mwanafunzi mwenye akili huuliza: Jumamosi si siku ya mosi? Swali lake ni la haki kabisa. Juma la Kiswahili huhesabiwa kutoka Ijumaa, na siku inayoifuata ndiyo ya kwanza. Kiebrania nacho huhesabu siku zake kwa namba, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, na siku moja tu ndiyo yenye jina, Sabato. Ni desturi moja ya kuhesabu siku kwa kuielekea siku kuu, isipokuwa siku kuu zenyewe ni mbalimbali. Mwalimu akilieleza hivyo, fumbo hugeuka kuwa somo. Wengi hawalielezi, husema tu "ndivyo ilivyo," na mwanafunzi hubaki na juma lenye siku ya saba iitwayo ya kwanza.

Kwa upande mwingine, hakuna lugha iliyo tayari kueleza mwanzo wa Sabato kuliko hii yetu. Mzungu ambaye siku yake huanza usiku wa manane hana budi kujifunza kwa taabu kwamba Sabato huanza Ijumaa jua likitua. Mtu wa pwani alizaliwa katika hesabu hiyo. Kwake usiku hutangulia mchana wake, na saa huhesabiwa tangu kuchwa na tangu kucha. Mwambie tu kwamba mama wa nyumba huwasha mishumaa jua linapokaribia kutua, na kwamba Sabato hutoka kesho yake nyota tatu zionekanapo, kwa kikombe cha divai, manukato ya kunusa na mshumaa uliosukwa. Ataelewa bila saa ya ukutani.

Ila neno kazi lampoteza. Amri husema kazi isifanywe, naye huwaza jembe na mzigo. Kisha asikia kwamba Myahudi mshika dini hawezi kuandika herufi mbili siku ile, wala kuwasha taa, lakini aweza kuhamisha meza nzito kutoka upande mmoja wa chumba mpaka wa pili. Hucheka, na mwalimu hucheka pamoja naye, na ndipo lile neno "mzigo wa sheria" hutolewa kabatini. Kiebrania kina maneno mawili. Avoda ni kazi ya jasho, na pia ni utumishi wa Mungu; ni ndugu wa ibada yetu, iliyotujia kwa Kiarabu. Lakini kilichokatazwa siku ya Sabato ni melaka, nayo ni kazi ya ufundi, kazi ya kufanya kitu kiwe. Waalimu wa Mishna walizihesabu aina 39, kama kusuka, kushona, kujenga, kuandika, kuwasha moto na kuuzima. Na wale waliowafuata walizifungamanisha na kazi zilizohitajiwa katika kuitengeneza ile hema ya jangwani. Mtu ajizuie siku moja asitengeneze dunia, akae ndani yake kama mgeni aliyealikwa. Jasho si kipimo. Kwa hiyo meza huhamishwa, na kalamu hulala.

Na nyumba za Wayahudi wenye kuishika siku hiyo si nyumba za huzuni. Ni siku ya milo mitatu, ya nguo safi, ya nyimbo mezani, ya baba kuwawekea watoto mikono kichwani na kuwabarikia. Kufunga na kuomboleza hadharani hakuruhusiwi. Siku ya Upatanisho tu ndiyo yenye ruhusa ya kufungwa ikiangukia Sabato. Tumesoma masomo mengi ya shule za Jumapili yaliyoisimulia Sabato ya Wayahudi, na katika hayo yote hatukukuta mlo hata mmoja.

Juu ya torati na sheria tutasema machache, ingawa jambo ni kubwa. Tora kwa Kiebrania asili yake ni kufundisha na kuonyesha njia. Katika Zaburi ya 1 na ya 119 tafsiri yetu huiita sheria. Katika Waraka kwa Warumi neno moja la Kiyunani huwa mara sheria, mara torati. Mtoto wa leo asikiapo sheria, huona polisi na hakimu. Atawezaje kuelewa kwamba kila mwaka, mwisho wa sikukuu ya Vibanda, Wayahudi huzitoa gombo za Torati katika sanduku lake na kucheza ngoma wakizibeba mikononi? Hakuna mtu achezaye ngoma na kitabu cha adhabu.

Sadaka nayo ina hali ya namna hiyo. Biblia yetu huita sadaka mnyama ateketezwaye katika Mambo ya Walawi, na huita sadaka sarafu apewayo maskini katika Mathayo 6. Kiebrania huyatenga. Dhabihu ina majina yake, nayo ilikoma Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70. Kumpa maskini ni sedaka, ndugu wa sadaka yetu kwa damu, lakini shina lake katika Kiebrania ni haki. Atoaye hajioni amefanya ukarimu. Amelipa lililo haki ya mwenziwe. Musa bin Maimuni alizipanga daraja nane za kutoa, na iliyo juu kabisa ni kumpatia mtu kazi au ushirika wa biashara hata asihitaji tena kupewa. Mzee wa kanisa apitishaye kikapu angefaidika kuisikia.

Yako mahali tafsiri yetu ilipoishika desturi ya Kiyahudi vizuri, nasi twataka kuitoa sifa hiyo pasipo kunung'unika. Jina la Mungu la herufi nne Wayahudi hawalitamki. Katika sala husema Adonai, yaani Bwana wangu, na katika mazungumzo husema Hashem, yaani Jina. Hivyo aliyeulizwa hali husema "Jina libarikiwe," kama jirani zetu Waislamu wasemavyo Alhamdulillahi. Union Version iliandika BWANA kwa herufi kubwa mahali pa Jina hilo, na kwa kufanya hivyo kila msomaji wa Kiswahili husoma kwa adabu ya sinagogi, ingawa hajui.

Limebaki jina la watu wenyewe. Kiswahili kina Mwebrania, Mwisraeli na Myahudi, na katika mahubiri hutupwa ovyo. Ugumu umezidi tangu mwaka 1948, ilipoundwa dola ya Israeli. Maana Waisraeli wa Kutoka na Waisraeli wenye pasipoti huitwa jina moja, na kati ya hawa wa pili karibu mmoja katika watano ni Mwarabu. Myahudi ni nani basi? Kwa kanuni ya waalimu wao ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia kwa njia ya uongofu. Wako Wayahudi wa mapokeo mengine, hasa Marekani, ambao tangu 1983 huhesabu na upande wa baba. Rangi ya mwili haimo katika kanuni hiyo. Wenye shaka wasiende mbali, waende Mbale.

Huko, mashariki ya Uganda, wako Abayudaya, na jina hilo kwa Kiganda ni Wayahudi tu. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa mkuu wa vita wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akatofautiana nao. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa imetolewa mwaka 1896, kazi ya wamisionari na wenzi wao Waganda. Kakungulu aliisoma, akaona tohara na Sabato, na mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Husimuliwa kwamba wenziwe walimwambia mambo hayo ni ya Wayahudi, naye akajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha sala na maagizo. Alifariki mwaka 1928. Watu wake walipungua, na katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 mpaka 1979, ibada yao ilipigwa marufuku. Waliosalia waliishika kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walipokewa rasmi na marabi waliotoka ng'ambo, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mmoja wao, aliwekwa kuwa rabi huko Los Angeles, akarudi kuwatumikia.

Kwa shauri letu, habari ya Kakungulu ina mafunzo mawili ambayo wafasiri wasingeyapenda yote kwa kadiri moja. La kwanza, mtu aliyasadiki maneno ya tafsiri ya misioni kuliko misioni ilivyotazamia. La pili, maneno hayo hayakumtosha. Alipata tohara na siku ya saba kutoka kitabuni. Lakini hesabu ya sikukuu, namna ya kuchinja, na baraka za Kiebrania, watu wake walizipokea kwa Wayahudi waliofika kwao, wa kwanza akiwa Yosef mmoja aliyekaa nao mwaka 1920. Ibada ya Kiyahudi haimo katika Biblia kama wali ulivyomo sahanini. Imo katika mikono ya watu walioipokea kwa baba na mama zao, na mwalimu aifundishaye kwa Biblia peke yake hufundisha nusu.

Wako watakaotujibu kwamba maneno mageni yakizidi, mkulima wa kijijini hatakiona tena kitabu kuwa chake. Hoja hii ina uzito. Hatutaki tefilini na sisiti ziwekwe kila mahali. Twataka neno moja kwa kitu kimoja, na maelezo mafupi chini ya ukurasa. Katika Mathayo 23:5 liandikwe tefilini, na chini yake ielezwe kwamba ni visanduku vya sala vyenye maneno ya Torati, kama ilivyoamriwa katika Kumbukumbu la Torati 6:8. Na huko Kumbukumbu msomaji aelekezwe aya hii. Matamvua yabaki, maana ni neno la Kiswahili safi na kila aliyeshika shuka ya kufuma alijua; lakini yatiwe pia katika Hesabu 15:38 na katika Mathayo 9:20 na 14:36. Jamii za Biblia huzipitia tafsiri zao kila baada ya miaka kadha, na mabadiliko haya hayazidi mistari kumi. Kabla hayajafanyika, mwalimu aweza kuyaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa Biblia yake mwenyewe.